Kesho Yake Ulifanya Nini

Buigiri, 14 Novemba 1909

Kwa ndugu yangu Gideoni, kambi ya reli, Gulwe.

Salamu nyingi katika Bwana. Huku hatujambo. Mvua bado, ng'ombe wamekonda, na binti yako Priska ana afya. Nasema ana afya kwa sababu anakula na analala. Mengine sijui niyaiteje. Tangu Emilia afariki, na sasa ni mwaka wa pili, mtoto huyu hajamtaja mama yake hata mara moja. Nikimwuliza jambo ananijibu "ndiyo, shangazi" au "hapana, shangazi", basi. Ana miaka tisa, Gideoni. Mtoto wa miaka tisa alipaswa kunichosha kwa maneno.

Nina mambo mawili. La kwanza ni kazi niliyoianzisha. Unajua ninasaidia kwenye nyumba ya dawa, kuosha vidonda na kufunga vitambaa. Mwezi wa nane mzee Sila, yule mwenye ng'ombe wengi, alimleta binti yake mkono umevunjika. Akasema ameanguka. Mtoto ana alama za fimbo kuanzia kiunoni mpaka shingoni, na baba yake amesimama pale pale anasema ameanguka. Nilifunga mkono, nikanyamaza. Nilirudi nyumbani nikijichukia. Tangu siku hiyo nimeona watoto wengi sana "walioanguka".

Basi nimewaita wazazi waje uani kwangu kila Jumamosi alasiri, tuzungumze namna ya kulea. Hakuna anayelipwa, wala simhubirii mtu. Nataka tu mtu ajue anachofanya kabla mkono haujanyanyuka. Tumekiita Kikao cha Walezi. Mwenye uwele wa ziada huleta kibaba, nasi humpelekea mwenye watoto wenye njaa, maana nimeona mzazi mwenye njaa hana subira. Siku ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Ya pili, wanne. Jumamosi iliyopita alikuja Loisi jirani yangu, na Filipo fundi wa mizinga ya nyuki, ambaye alisinzia. Wengine wanasema mwanamke ambaye hakuzaa hana la kuwafundisha waliozaa. Wanayasema hayo nikiwa nasikia.

Jambo la pili: mwandikie Priska barua. Iwe yake, yenye jina lake. Kusoma anajua. Mistari mitatu itatosha.

Dada yako,
Ruthu


Gulwe, 2 Desemba 1909

Shikamoo dada Ruthu.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa wapagazi waliotoka Mpwapwa. Nami sijambo. Habari kubwa ni kwamba nimepandishwa. Sasa ni mnyapara, nina watu arobaini chini yangu, Wanyamwezi, Wasukuma na Wagogo wetu. Kazi yao ni kujenga tuta na kubeba mataruma, yale magogo ya chuma wanayolazia reli. Bwana msimamizi, Mdachi mmoja mwenye ndevu nyekundu, amenikabidhi kiboko. Asiyetaka kuamka anaamka.

Sasa nisamehe kwa nitakayosema, maana wewe ni mkubwa wangu na ndiwe uliyenilea. Nilipofika pale pa kikao chako nilicheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Wewe, dada? Baba na mama walipokufa kwa njaa ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi sita, ukanilea kwa fimbo, na leo tazama: nasoma, naandika, nasimamia watu. Ulinichapa kwa ajili ya mbuzi mmoja aliyeliwa na fisi, sikupoteza mbuzi mwingine. Waambie hao wazazi wako habari hiyo, watarudi wote kumi na mmoja.

Kuhusu Priska, mtoto hana haja ya barua. Ana haja ya kazi na nidhamu. Nimemtumia kaniki mpya ya kujifunga. Akikua atafahamu kwamba baba yake alikuwa kazini kwa ajili yake.

Mdogo wako,
Gideoni


Buigiri, 20 Januari 1910

Ndugu yangu Gideoni,

Kaniki imefika, asante. Barua yako nayo imefika, na ingekuwa afadhali isingefika. Niliiweka kwenye kitabu cha nyimbo nikaenda kisimani. Niliporudi Priska alikuwa amekaa nayo mapajani. Hakulia. Aliikunja vizuri akairudisha mahali pake, akasema, "Shangazi, nikachambue mboga?" Tangu siku hiyo kaniki yako haijaguswa.

Wewe umesema hana haja ya barua, naye amesoma kwa macho yake kwamba hana haja ya barua. Sasa nimwambie nini mimi?

Kuhusu yule mbuzi, nakumbuka nilikupiga mara mbili, labda tatu. Nilikuwa msichana mwenye mdogo wa kulisha. Usinifanye nionekane kama nilikuwa askari.

Kikao kinanichosha. Nimepita nyumba kwa nyumba. Akina mama wanasema watakuja, hawaji. Wanaume wengi wamekwenda kwenye reli yenu, na waliobaki wanasema mambo ya watoto ni ya wanawake. Mzee Sila alisimama mbele ya kanisa Jumapili, watu wote wanasikia, akasema ninataka kulea kizazi cha watoto wasiomwogopa mtu. Nikamjibu kwamba binti yake anamwogopa mpaka anajikojolea akisikia kikohozi chake. Ilikuwa kweli, lakini nilikosea kuitoa pale. Yule mtoto alikuwepo. Loisi alinigombeza njia nzima, na alikuwa na haki.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu, na Filipo alisinzia tena. Nilimwuliza kwa nini anakuja ikiwa analala. Akasema nyumbani kwake kuna watoto saba, hapa ndipo anapopata utulivu. Nilishindwa kucheka.

Njoo umwone mtoto wako. Sikuombi tena barua.

Ruthu


Gulwe, 3 Machi 1910

Shikamoo dada.

Sikujua kwamba ataisoma. Yale niliyaandika kwako.

Nimeomba ruhusa. Tukimaliza daraja la hapa kambi itahamia Kikombo, na kutoka Kikombo mpaka kwenu ni mwendo wa nusu siku. Bwana msimamizi amekubali nipumzike siku ya Pentekoste. Nitaondoka alfajiri, nitafika kabla hamjatoka kanisani. Mwambie Priska. Mwambie nimesema mwenyewe.

Gideoni


Buigiri, 17 Mei 1910

Gideoni,

Nilimwambia, kwa kuwa uliniagiza nimwambie.

Wiki nzima mtoto aliongea. Aliniuliza kama bado una nywele nyingi. Aliniuliza kama utamtambua. Jumamosi alifua ile kaniki ambayo hakuwahi kuivaa, akaianika, akaivaa ikiwa na unyevu. Siku yenyewe hakuingia kanisani, alikaa kwenye lile jiwe la njia panda ya Kikombo. Ibada ikaisha, watu wakala, wakaenda zao. Nilimpelekea maji. Akanywa, akasema, "Labda wamechelewa kumruhusu." Jua lilipokuwa kwenye miti nilikwenda kumchukua. Njiani hakusema neno, na mpaka leo hajasema.

Watu waliotoka kambini kwenu Jumatatu wanasema upo, hujafa, hujahamishwa. Hivyo sina hata cha kumdanganya.

Mimi ninawaambia wazazi wa watu wengine kwamba ahadi kwa mtoto ni ahadi. Wananisikiliza, kisha wananiuliza, "Na baba yake Priska yuko wapi?"

Ruthu


Buigiri, 21 Juni 1910

Gideoni,

Hukujibu. Sitaandika mengi.

Tumevuna, uwele si mbaya. Priska anaumwa mkono kidogo, ameanguka. Nimeufunga, unaendelea vizuri. Kikao nimekisimamisha kwa sababu ya mavuno.

Najua mmekaribia Ihumwa, tunaambiwa moshi wa gari lenu unaonekana kutoka vilimani. Umepita karibu nasi kama mgeni.

Ruthu


Ihumwa, 11 Julai 1910

Dada Ruthu,

Safari hii sikuanza na shikamoo, utanisamehe au usinisamehe.

Siku ya Pentekoste nilikuwa na homa. Hilo tuliache.

Nimeisoma barua yako ya mwisho mara nyingi. Ina mistari michache, na mmoja hauniingii akilini. Priska ameanguka. Ameanguka wapi? Mtini? Kisimani? Wewe ambaye huandika mpaka habari za usingizi wa Filipo, mtoto ameumia mkono nawe huandiki ameanguka wapi?

Nikukumbushe jambo. Sikio langu la kushoto lina pengo. Watu wakiuliza nasema nilianguka mtini. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyomjibu mwalimu aliponiuliza mimi, ukajibu wewe. Sikuanguka mtini. Ulinipiga kwa fimbo ya kuchungia, nikainama kujikinga, ikanipata sikioni. Siyo mara mbili wala tatu. Ulinipiga mpaka fimbo ikavunjika, ukaenda kutafuta nyingine. Nami nilikuwa nimesimama pale zizini nakungoja urudi nayo, maana niliogopa kukimbia. Nilikuandikia habari ya mbuzi kwa kujisifu, lakini sikuandika yote.

Kwa hiyo nakuuliza, nami naomba jibu la kweli. Umempiga mtoto wangu?

Gideoni


Buigiri, 28 Julai 1910

Ndugu yangu Gideoni,

Ndiyo. Nimempiga.

Nitakuambia ilivyokuwa, na sitajitetea. Ilikuwa tarehe kumi na nane ya mwezi wa sita. Nilitoka nyumba ya dawa nimechoka. Njiani nikakutana na Zipora, ambaye binti yake anasoma na Priska, akanishika mkono akanipa pole. Nikamwuliza pole ya nini. Akasema watoto wote wamesikia kwamba baba yake Priska amekufa kwenye reli, Priska mwenyewe amewaambia, na wamemwombea darasani.

Nilifika nyumbani nikasonga ugali kwa hasira. Nikamwuliza kwa nini amesema uongo mkubwa namna ile. Akanitazama, akasema: "Siyo uongo. Wewe ndiwe unayedanganya, unasema yupo."

Kulikuwa na mwiko wa kusongea ugali mkononi mwangu. Sikumbuki kuunyanyua. Nakumbuka mlio. Nilimpiga begani, akanyanyua mkono, nikampiga mkononi, na nikampiga tena baada ya kuusikia ule mlio, Gideoni. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniamsha. Baada ya hapo nilimfunga mkono kama ninavyowafunga watoto wa watu. Mikono yangu iliijua kazi. Kesho yake Zipora alipouliza, maneno yalinitoka yenyewe: ameanguka.

Priska alikuwa amesimama pale. Alinitazama kama yule binti wa Sila alivyomtazama baba yake.

Sikusimamisha kikao kwa ajili ya mavuno. Nilikisimamisha kwa sababu sikuweza kukaa mbele ya watu.

Na habari ya sikio ni kweli. Niliijua siku zote. Nilijiambia kwamba ulikuwa mdogo, umesahau. Nilikuwa nimemzika mama juma lile lile, na yule mbuzi alikuwa wa mwisho kutupa maziwa. Lakini hayo nayasema kama mtu anayeeleza mvua ilivyonyesha, hayaondoi kitu. Wewe uliningoja zizini. Hilo sikulijua. Nilidhani ulibaki kwa sababu ya kiburi.

Jumamosi iliyofuata barua yako niliwaita wote. Walikuja sita. Nikawaambia nilichomfanyia Priska. Niliwaambia na habari yako. Nilidhani, ndugu yangu, na hili ni aibu kuliandika, nilidhani ukweli utawagusa, watabaki. Loisi alisimama kabla sijamaliza. Akasema ameacha palizi na watoto wake, amebishana na mumewe miezi minane kwa ajili ya maneno yangu, kumbe yalikuwa maneno. Akaondoka. Jumamosi ya pili hakuja hata mmoja. Hata Filipo hakuja kulala. Nilikaa uani peke yangu mpaka kivuli cha nyumba yangu ya tembe kikafika langoni, nikafikiri, basi, imekwisha.

Jana alikuja mtu mmoja. Mzee Sila. Hakuingia, alisimama langoni na fimbo yake ya ng'ombe. Nilijiandaa kuchekwa. Akasema, "Nimesikia umempiga mtoto."

Nikasema ni kweli.

Akaegemea fimbo yake, akasema, "Kesho yake ulifanya nini?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema, "Maneno ya kutopiga nimeyasikia. Mimi nimeshapiga. Mkono wa binti yangu umepona lakini hanisogelei. Nataka kujua mtu akishapiga, kesho yake anafanya nini."

Miezi yote hii nimefundisha yale ya kabla ya fimbo, na karibu kila mtu niliyekuwa namfundisha alikuwa ameshaipita siku ile. Nilimwambia sijui. Nikamwambia kwamba mimi kesho yake nilidanganya, na kesho kutwa nikadanganya tena, na siku ya tatu nikampikia uji wa maziwa asioutaka. Akasema, "Mimi nilimpa ndama." Nikamwuliza kama alimpokea. Akasema, "Anamlisha. Lakini akiniona anatoka zizini."

Tulikaa hapo langoni muda mrefu, watu wawili tusiopendana.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kumchukua Priska, nitamfungia vitu vyake. Nasema hivi nikijua kwamba kambini si mahali pa mtoto wa kike, lakini sina tena haki ya kukwambia mtoto akae wapi.

Ruthu


Dodoma, 15 Agosti 1910

Shikamoo dada yangu.

Nimekaa siku nyingi na barua yako. Nilitaka kukasirika, na kwa siku tatu nilikasirika vizuri. Kisha ikanishinda, kwa sababu nami nilikuandikia uongo. Sikuwa na homa siku ya Pentekoste.

Ijumaa kabla ya siku ile, kulikuwa na mtu wangu mmoja, kijana wa Kisukuma, anaharisha damu, hawezi kusimama. Nilimwacha alale kivulini. Sikufanya kwa huruma kubwa, nilikuwa nafikiri safari yangu tu, moyo ulikuwa mwepesi. Bwana msimamizi akapita, akauliza kwa nini mtu amelala na kiboko changu kiko kiunoni. Nikamwambia mtu ni mgonjwa. Akasema mnyapara asiyetumia kiboko anahitaji kukikumbuka.

Wakanilaza kwenye pipa mbele ya watu wangu arobaini. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Aliyeamriwa kuhesabu kwa sauti alikuwa yule yule mgonjwa, wamemsimamisha wawili wamemshika kwapani.

Dada, kuna jambo sikuwahi kulijua wakati mimi nilipokuwa napiga. Nilidhani anayepigwa anafikiri kosa lake. Mimi sikufikiri kosa. Nilifikiri jinsi ya kutolia, kisha nilipolia nilifikiri nani ameniona. Nimejaribu kukumbuka watu niliowapiga kule Gulwe, na nyuso zao siwezi kuzipata, migongo tu.

Siku ya Pentekoste nilikuwa nimelala kifudifudi. Jumatatu na Jumanne pia. Ningeweza kumtuma mtu aje aseme. Sikumtuma. Nilifikiri: mtoto akija kuniona hivi, ataona baba gani? Nikaona heri anione mwongo kuliko anione vile. Uliponiandikia kwamba alivaa kaniki ikiwa na unyevu, niliikunja barua nikaiweka mbali. Sikuweza kuijibu, na kila juma lililopita lilifanya jibu kuwa gumu zaidi.

Nimerudisha kiboko. Nilidhani watanifukuza, hawakunifukuza, wamenishusha. Sasa nabeba mataruma pamoja na wale wale niliokuwa nawasimamia. Wengine hawasemi nami, nami sioni la kuwalaumu. Yule Msukuma alikufa mwezi wa sita. Hapa Dodoma reli imefika, wanajenga stesheni, na Waarabu na Wahindi wameanza kusimamisha maduka. Kazi itakuwepo hapa hata wengine wakiendelea mbele kuelekea Tabora. Nimeamua kubaki.

Kuhusu sikio. Sijui kama nimekusamehe. Siku nyingine nadhani ndiyo. Lakini uliposema hukujua kwamba nilikuwa nakungoja, nililala usingizi mzuri, sijui kwa nini.

Usimfungie Priska vitu. Na usimwamulie, wala mimi nisimwamulie. Msomee barua hii. Nilifikiri uparuke pale pa kiboko, kisha nikafikiri ameshaachiwa mengi sana ya kuyajaza mwenyewe. Msomee yote. Muulize kama anataka nije. Akisema hapana, niambie ni hapana.

Mwambie mzee Sila kwamba mimi niliyepigwa silijui jibu lake pia. Lakini mwambie asiache kukaa pale zizini kwa sababu tu mtoto anatoka. Akae akijua kwamba atatoka.

Mdogo wako,
Gideoni


Buigiri, 28 Agosti 1910

Ndugu yangu,

Nimemsomea yote. Ilinibidi kusimama mara mbili. Mara ya pili alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akamalizia kusoma yeye, kwa sauti. Kisha akaenda kwa mbuzi, nami nikamwacha.

Jumamosi tulikuwa watano. Loisi hajarudi, na sijui kama atarudi. Tukikutana kisimani ananisalimia kama mtu wa mbali. Sila alikuja, safari hii akaingia ndani ya ua. Nimeacha kufundisha. Tunaulizana kesho yake tulifanya nini, na majibu mengi ni mabaya. Filipo alisema kwamba yeye kesho yake hucheza na watoto kama hakukutokea kitu, naye hakusinzia wakati akisema. Sila aliniuliza kama kikao hiki kitamrudisha binti yake. Nikasema sina ahadi hiyo. Alikasirika, akaondoka, na sijui kama naye atarudi.

Naona ni kazi ndogo sana, Gideoni. Nilidhani nitabadili kijiji.

Priska anaandika barua yake mwenyewe, anaificha kwa mkono nisione. Nimemwahidi sitaisoma. Nitaitia humu ikiwa imefungwa.

Dada yako,
Ruthu


Buigiri, 28 Agosti 1910

Kwa baba yangu Gideoni, Dodoma.

Shikamoo baba. Mimi sijambo. Mkono wangu umepona, unauma nikitwanga tu.

Nilisema umekufa kwa sababu binti wa Zipora aliniuliza uko wapi, na nilikuwa nimechoka kusema sijui. Baba wa mtu akifa watu wanakuwa wema. Sikujua kwamba wataomba darasani.

Nilikasirika siku ya Pentekoste. Bado nimekasirika. Shangazi alisema naruhusiwa kuandika hivyo. Shangazi nimemkasirikia pia lakini kidogo kidogo inapungua, kwa sababu kila siku ananiona na kila siku anajua. Wewe hunioni.

Mama alikuwa anasema wewe unapiga mluzi vibaya. Ni kweli?

Nataka uje. Sitaki kuja huko kwenu kwenye reli. Ukija usiniulize kama nimekua, nimekua. Usilete kaniki, ninayo.

Usije Jumapili kwa sababu ya kanisa, na usije Jumamosi kwa sababu ya watu wa shangazi. Ua unajaa, na wao huuliza sana, na wewe walikutazama wengi siku ile ya kiboko. Njoo Jumatano. Siku ya Jumatano shangazi anakwenda nyumba ya dawa, mimi nabaki na mbuzi, na hakuna mtu mwingine atakayekuona ila mimi.

Mimi binti yako,
Priska